Kikuba Katika Kabati la Dakta

Ukutani mwa maabara yetu, karibu na mlango wa stoo, pana bango lenye picha ya maembe mawili. Moja lina madoa meusi, la pili ni safi. Chini yake pameandikwa kwamba njia ya kufukiza maembe kwa mafuta ya mimea ilipatikana kwa utafiti uliofuata hatua zote. Nimelipita bango hilo kila asubuhi mpaka siku niliyorudisha funguo, na kila asubuhi nimelikonyeza jicho. Hatua ya kwanza haimo. Hatua ya kwanza ilikuwa ni mimi, na sikuwa nikifuata chochote.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Takaungu, na ninyi vijana wa maabara mmenisumbua kwenye kundi la simu niwaandikie habari za kazini. Haya. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara nao hatuna la kuambiana. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, na nitawaeleza habari ya miembe arobaini ya Mama Sidi kule Ganze, kwa sababu hiyo nimeinyamazia muda mrefu na yenyewe hainiachi nilale.

Siku ya kwanza nilipewa brashi na karai la chupa chafu. Aliyenipokea ni Mzee Charo, fundi wa mtambo, mtu wa Mnarani, mwembamba, mwenye koti la khaki lililotoboka mfuko.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Pua yako nzima?"

Nikamjibu nzima. Akanifumba macho kwa kitambaa cha kupangusia vioo na kunipitishia chupa tatu, moja baada ya nyingine. Sasa mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akisuka vikuba vya maarusi wa Takaungu nzima, asumini na mrehani na mkadi vimefungwa pamoja vikanukia kifuani mwa mtu siku tatu. Nikamwambia ya kwanza ni karafuu, ya pili mchaichai, ya tatu mvumbasi, na hiyo ya tatu chupa yake ilitiwa mafuta ya taa kabla, na aliyeiosha aliiosha kwa uvivu. Aliyeiosha alikuwa yeye. Tangu siku hiyo akaniita Pua, na jina hilo likanishika kazini mpaka kuna waliodhani ndilo langu.

Kazi yenyewe mwaijua, ila ninyi mwaijua na mashine inayojizima yenyewe. Yetu ilikuwa sufuria kubwa la presha, juu yake paipu ya shaba iliyopinda, ikapita ndani ya pipa la maji baridi, na mwisho wake chupa ya kukingia. Mvuke wapanda na harufu ya majani, wapoa ndani ya pipa, wateremka ukiwa maji, na juu ya maji yaelea utando mwembamba wa mafuta. Gunia zima la mchaichai latoa kikombe kimoja cha kahawa. Na kumbukeni kwamba mafuta ya karafuu hayaelei, yazama, kwa hiyo msije mkamwaga yaliyo chini mkidhani ni takataka. Mimi niliyamwaga mara mbili, na mara zote mbili nikasema chupa ilikuwa na ufa.

Ule mtambo Mzee Charo aliujua mno. Angeweka kiganja kwenye paipu na kukwambia mvuke una haraka, punguza kuni. Nikamuuliza alisomea wapi. "Nyumbani," akasema. Kwao, wakati wa ujana wake, walikuwa wakichukua pombe ya mnazi na kuipika hivyo hivyo mpaka ikawa kitu kingine ambacho serikali haikipendi. Alipoajiriwa na serikali, alikuja na ujuzi na nusu ya paipu.

Siku moja askari wawili wakapita barabarani, wakaona pipa, moto, paipu na mzee aliyekaa akingoja. Wakaingia bila hodi. Mzee Charo akawakaribisha viti na kuwamiminia gilasi mbili za yale maji yanayobaki baada ya kuengua mafuta ya mchaichai. Mmoja akainywa yote. Akangoja. Akangoja tena.

"Mbona hii haileweshi?" akauliza.

"Ndiyo maana ni ya serikali," akasema Mzee Charo.

Baada ya miaka kadhaa akaletwa Dakta Mutiso, daktari wa mimea, mtu wa bara, mpole, ambaye kalamu zake zilikaa mezani zimelingana urefu. Yeye ndiye aliyetutoa katika kukamua mafuta tu na kututia katika kuyapima. Tulipika uji wa mwani na viazi, tukaumimina katika sahani ndogo za kioo, ukaganda. Juu yake tukapanda ukungu uliotolewa kwenye embe lenye madoa meusi, ule ugonjwa ambao vitabu vyauita chule. Sahani hizi zikatiwa tone la mafuta, sahani zile zisitiwe kitu. Zile zisizotiwa kitu Dakta aliziita mashahidi. Kazi yao ilikuwa kuota ukungu mwingi, ili tone la mafuta likiuzuia kwingine, tujue ni tone na si bahati. Waliotiwa mafuta wakakaa kabati lao la joto na mashahidi kabati lao, na makabati hayo hayakufunguliwa mpaka siku ya tano.

Dakta alikuwa na amri moja aliyoirudia kila Jumatatu: manukato marufuku. "Bi Mwanakombo," akaniambia siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha darasani, "hapa harufu ndiyo dawa. Ukija nayo kutoka nyumbani, nitapima dawa ama nitakupima wewe?" Alisema kweli. Lakini mimi natoka nyumba ambayo mgeni hufukizwa udi kabla hajapewa chai. Nikawa nalitundika buibui langu kwenye msumari nje, nanawa mikono kwa sabuni ya kufulia, na bado akinipita alikuwa akikunja uso.

Hapo ndipo alipokuja Mama Sidi. Alifika na boda kutoka Ganze, amepakata kapu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Dakta, akayapanga maembe sita juu ya makaratasi yake. Yote yalikuwa meusi na yanatoka maji.

"Nimeambiwa hapa munatibu maembe," akasema. "Haya yalitoka kwangu mazima."

Habari yake ilikuwa hivi. Marehemu mumewe alimwachia miembe arobaini. Maembe yakitoka mtini hayana hata doa, lakini ukungu huwa umeshajificha kwenye ganda, na baada ya siku tano sita ndani ya ghala madoa yatokea na tunda laoza. Mnunuzi wake, Bwana Omari wa Malindi, mtu ambaye wazazi wake walitoka Pate, alikuwa na desturi yake: huchukua kreti chache kwanza, hukaa nazo siku nane, ndipo aseme leteni au msilete. Misimu miwili mfululizo alisema msilete. Sasa shemeji yake Mama Sidi, Karisa, mdogo wa marehemu, ambaye kwa desturi ya ukoo ndiye mwenye kauli juu ya shamba, alikuwa amepita na kamba akipima mashina. Msimu huu ukikataliwa nao, miembe yote arobaini itakatwa iingie kwenye tanuri la makaa.

"Sina la kumjibu," akasema Mama Sidi. "Mti usiolisha watu nitautetea na nini?"

Dakta akamwahidi kwamba tutajaribu. Na alijaribu kweli, wiki baada ya wiki, karafuu, mchaichai, mvumbasi, mrehani. Matone yalizuia ukungu pale pale yalipodondoka, upana wa ukucha, basi. Akapanga jaribio moja la mwisho kabla ya mavuno, sahani nyingi kuliko zote, na mashahidi wake. Na wiki hiyo hiyo mpwa wangu akaolewa.

Wenye kujua arusi za kwetu hawahitaji kuelezwa. Mimi ndiye niliyekabidhiwa vikuba na singo ya kumsugulia bibi arusi mwili. Singo haikunukia kama nilivyotaka, na kwenye rafu ya maabara kulikuwa na chupa ya mafuta ya mrehani na karafuu ambayo tuliikamua mimi na Mzee Charo kwa jasho letu. Nikaiazima. Neno kuazima nalitumia kwa kujiheshimu tu. Asubuhi ile nilitoka nyumba ya arusi nimebeba furushi: leso mbili zilizofukizwa usiku kucha, kikuba kilichosukwa nusu, na nilipofika nikatia ile chupa ndani yake. Kabla sijaificha nje nikasikia viatu vya Dakta. Nikatazama huku na huku. Mahali pa karibu ambapo hapakuwa na mtu wa kufungua mpaka siku ya tano palikuwa kabati la mashahidi. Nikalisukuma furushi rafu ya chini, nikafunga mlango, nikamuuliza Dakta habari za asubuhi.

Nilikusudia kulitoa adhuhuri. Saa nne nikapigiwa simu kwamba watu wa bwana arusi wamefika siku moja kabla, na wapishi wamegombana, mmoja ameondoka na mwiko. Nikaomba ruhusa, nikakimbia. Furushi nikalikumbuka nikiwa ndani ya singo mpaka viwiko. Nikasuka kikuba kingine, na mambo ya arusi yakanimeza.

Siku ya tano nilifika kabla ya jua kupanda vizuri. Nikalitoa furushi, nikalitia ndani ya ndoo ya kupigia deki na kulifunika tambara. Kizibo cha chupa kilikuwa kimelegea, na mafuta yamebaki nusu. Dakta akaja, ana mafua tangu juzi, pua imeziba kabisa, na hiyo naihesabu kuwa bahati yangu mbaya. Angekuwa mzima angenishika pale pale na mambo yangekwisha asubuhi ile.

Akafungua kabati la waliotiwa mafuta. Ukungu umeota, umezunguka matone kama kawaida. Akafungua kabati la mashahidi. Hakuna ukungu. Sahani zote nyeupe, safi, hazina hata alama. Dakta akazishika moja moja dirishani. Yaani kwa ushahidi ule, dawa ya ukungu ilikuwa ni kutotia dawa.

Mzee Charo, aliyekuwa ameegemea mlango, akaingiza kichwa kabatini, akavuta pumzi mara moja. Akanitazama. "Humu mna bibi arusi," akasema, kwa sauti ya kunitosha mimi tu.

Dakta aliketi. Akasema uji uliharibika, au ukungu tuliopanda ulikuwa umekufa, na kama ulikuwa umekufa basi hajui ni majaribio mangapi ya nyuma yaliyokuwa ya uongo. Muda wa kurudia haukuwepo, mavuno yalianza wiki ile. Akachukua simu, kwa sababu ni mtu mkweli, akampigia Mama Sidi mbele yetu. "Mama, nisikudanganye. Dawa yetu haifanyi kazi. Usiingojee."

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi. Mahali pa kusema palikuwa hapo hapo. Lakini mwezi uliopita alimfukuza mtu kwa kuvuta sigara stoo, na mimi nilikuwa nimevunja amri yake, nimechukua chupa yake na kuharibu jaribio lake, yote ndani ya furushi moja. Nikaenda kupiga deki. Sakafu ilinukia mrehani wiki nzima.

Chai ya saa nne Mzee Charo alikaa karibu nami.

"Pua, mimi nitanyamaza," akasema. "Lakini ule ukungu ulikufa kwa nini? Hukuumwagia kitu."

"Sikuumwagia. Furushi lilikuwa chini, sahani juu."

"Basi?"

Nikawa nalitafuta jibu kwenye kikombe, na mara nikaona aibu kwa kuwa nililijua tangu utotoni. Nguo ya arusi hatuimwagii udi. Ukiimwagia utaitia doa pale pale, na kwingine isinukie. Twaitandaza juu ya kapu, chetezo kikae chini, moshi uingie kila uzi. Sisi pale maabara, mimi mjukuu wa msuka vikuba, tulikuwa tukidondosha matone na kushangaa kwamba tone halitembei. Harufu ndiyo inayotembea. Nikamwambia Mzee Charo, naye akainuka bila kumaliza chai, akaenda kutafuta ndoo yenye kifuniko.

Tulitia sahani mbili zenye ukungu ndani ya ndoo, na pamba yenye mafuta juu ya kisosi, tukafunika, tukaificha nyuma ya magunia ya mchaichai. Siku tatu. Kila siku nilijiambia nangojea ndoo inipe jibu ndipo niende kwa Dakta. Uongo. Nilikuwa nangojea moyo unipe nguvu, na moyo haukuwa na haraka. Siku ya tatu tukafunua, sahani ni safi. Nikachukua boda mpaka Ganze bila kumuaga mtu, nikimshika yule dereva mabega na kumhimiza njia nzima.

Msumeno wa mashine niliusikia kabla sijafika. Miembe mitano ilikuwa chini, majani bado mabichi, maembe mateke, hayajaiva, yametapakaa na mbuzi wanakula. Mama Sidi alikuwa ameuegemea mwembe wa sita kwa mgongo, mikono ameikunja. Karisa alikuwa mbele yake, msumeno unanguruma mkononi, ameona haya kumsogeza shemeji yake kwa nguvu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa na serikali kwamba hakuna dawa.

Nikampungia azime mashine. Akaizima.

"Ngoja msimu huu uishe," nikamwambia. "Dawa ipo."

"Dakta wenu mwenyewe alipiga simu akasema haipo."

"Aliambiwa vibaya."

"Na nani?"

Mama Sidi akanigeuzia uso. Nikatazama chini, pale vumbi la mbao lilipokuwa limerundikana.

"Na sahani," nikasema.

Karisa akasema vizuri, atangoja siku nane za Bwana Omari, si tisa. Akaondoka na msumeno wake. Mama Sidi akaenda kuwafukuza mbuzi.

Alasiri ile ile nikafukiza kreti ya kwanza. Nilipanga maembe, nikaweka kisosi cha pamba katikati, nikafunika turubai na kukandamiza ncha zake kwa mawe. Kipimo sikukijua, kwa hiyo nikatia kipimo cha arusi. Asubuhi ganda la maembe lilikuwa limeungua, mabaka ya kahawia kila moja, na Mama Sidi alipolionja moja akasema linamkumbusha jino lililong'olewa. Nikajua ya kwamba hapa pataka mtu wa kupima, na mtu wa kupima ni mmoja.

Nilimwambia Dakta yote nikiwa nimesimama. Furushi, chupa, ndoo, sahani za Mzee Charo, msumeno, miembe mitano. Akavua miwani. Akaipangusa mpaka nikaanza kufikiria nitakavyowaeleza watu wa nyumbani.

"Hilo kabati lina ujazo gani?" akauliza.

"Sijui Dakta."

"Na chupa ilipungua kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akachukua rula, akalipima kabati, akaandika hesabu nyuma ya bahasha. Kisha akaniandikia barua ya onyo, akiichapa mwenyewe kwa vidole viwili, nikaisaini, akaitia kwenye faili. Ndipo akasema twende Ganze, na akatangulia kwenye gari.

Kipimo chake kilikuwa sehemu ndogo sana ya changu. Tulifukiza kreti sita kuanzia alasiri mpaka asubuhi, tukazifunua zipigwe upepo, zikapelekwa Malindi. Siku zile nane nilisali sana, na Dakta alikuja kazini akizilinganisha kalamu zake kila nusu saa. Siku ya nane tulisimama sote ghalani kwa Bwana Omari, Karisa naye, ametia mikono mfukoni. Bwana Omari akatoa embe moja moja. Kila kreti ilikuwa na mawili matatu yenye madoa, na mengine yote yalikuwa mazima. Akakata moja, akalinusa.

"Haya yametoka arusi gani?" akauliza.

Akala kipande, akala cha pili, akamwambia Mama Sidi alete yote. Karisa akatoka nje kuita lori. Miaka iliyofuata huyo huyo ndiye aliyekuwa akibeba turubai, na ukimsikia barazani utadhani dawa aliibuni yeye.

Mambo mengine mwayajua. Dakta aliandika ripoti yake, na kile kikuba kikaitwa "chanzo cha mvuke ambacho hakikupangwa". Nilimwomba aandike walau kwamba kilikuwa cha asumini, akakataa. Baadaye alihamishwa bara. Mzee Charo ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na ile paipu ya shaba ndiyo mliyoitundika stoo kama pambo. Nawaomba pia msiwaahidi watu makubwa kuhusu mafuta haya. Tuliyajaribu kwenye mnyauko wa migomba na mnyauko ukatushinda vibaya. Kwenye nyanya yalifaa mvua isiponyesha. Yafaa zaidi penye mfuniko, na aliyetia mengi kwa kudhani ndiyo yatafanya kazi haraka ataunguza, nawaambia kwa kuwa niliunguza.

Lakini habari ya miembe mitano ile sikumwambia Mama Sidi. Tulifanya kazi pamoja misimu mingi, nimekula kwake sima na mboga ya mchunga mara zisizohesabika, na kila nikipita pale penye pengo nilikuwa nikiongeza mwendo. Miembe thelathini na mitano imesimama, na mahali pa mitano hapakupandwa chochote. Mwezi uliopita, nilipomaliza kurudisha funguo zenu, nikajiambia sasa sina barua ya onyo ya kuogopa. Nikaenda Ganze.

Nilimkuta mlangoni pake, ameketi kwenye mkeka, anapukuchua kunde. Amezeeka, nami pia. Nikaketi, nikamweleza tangu chupa mpaka ndoo ya deki. Nikamwambia zile siku tatu nilizonyamaza ndizo zilizokata miti yake, wala si Karisa.

"Najua," akasema.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya msumeno. Mtu aliyedanganywa na sahani angekuja na hasira. Wewe ulikuja na haya."

Miaka yote hiyo nimejiona mjanja. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilingoja useme wewe. Umekawia, Bi Mwanakombo."

"Nisamehe, dada yangu."

Akachukua ganda jingine la kunde. Nikamuuliza kwa nini pale penye pengo hakupanda, naye ana miche hapo kando ya tangi, imepangwa kwenye makopo. Akaiweka kando sinia ya kunde, akaingia ndani, akatoka na jembe. Akaniwekea miguuni.

"Pale si pangu mimi kupanda," akasema.

Ardhi ya Ganze wakati wa kiangazi hailimiki, inagongwa. Nilifunga leso kiunoni, nikagonga. Nilipomaliza shimo la kwanza, viganja vimeota malengelenge na jasho laniingia machoni, nikasimama kunyoosha mgongo na kumtazama, nikitumaini atanicheka, au ataniita chai. Mama Sidi alikuwa amerudi kwenye kunde zake. Hakuinua kichwa.

"Bado manne," akasema.